Wastaafu Wanaofuata Bao

Mtumishi wa umma anayejua bao ana neema ambayo wengi hawaitambui mpaka iwatoke. SHIMIWI, shirikisho la michezo ya wizara na idara za Serikali, linapoitisha mashindano yake ya mwaka, basi la ofisi humchukua pamoja na wacheza mpira na wavuta kamba, likampeleka mkoa mwingine akiwa na posho mfukoni na fulana yenye jina la wizara mgongoni. Yeye hatoki jasho uwanjani. Kazi yake ni kukaa, kuinamia mashimo 32 na kuipigania ofisi yake kwa kete. Wapo na wenzake wa karata, wa drafti na wa vishale, wanawake kwa wanaume. Mwaka 2021 mashindano yalifanyika Morogoro, 2022 yakaenda Tanga, 2023 Iringa, na 2024 yakarudi Morogoro. Yakiwa Morogoro gesti za mjini hujaa, mama lishe wa karibu na Uwanja wa Jamhuri huongeza masufuria, na watu wa vyeo tofauti kabisa hujikuta wameketi uso kwa uso, dereva wa idara moja akimfunga mkurugenzi wa wizara nyingine bila mtu yeyote kushtuka.

Kisha inafika siku ya kutimiza miaka 60, au 55 kwa aliyeamua kustaafu kwa hiari. Kwenye hafla ya kumuaga watu husema mengi kuhusu mshahara, mafao na saa ya kuamka asubuhi. Ile safari ya kila mwaka haitajwi. Lakini kwa mcheza bao hiyo ndiyo inayokatika kwanza, kwa kuwa mashindano yale ni ya walio kazini, na yeye hayumo tena. Anabaki na kijiwe cha mtaani kwake na wapinzani walewale wanne watano, ambao baada ya mwaka mmoja anajua kila mmoja wao atapiga shimo lipi. Mtu aliyezoea kukutana na mgeni kutoka Kigoma au Lindi, mwenye mchezo asioujua, anaanza kucheza kwa mazoea, na baadaye anaanza kutofika kijiweni.

Nataka mtu huyo asafiri. Namaanisha kusafiri kwa makusudi, kwa ratiba na kwa fedha yake mwenyewe iliyotengwa, kufuata mchezo anaoupenda popote unapochezwa vizuri. Wanaopanga uzee wao hupanga nyumba, shamba, kuku na matibabu. Furaha huiacha ijipange yenyewe, nayo haijipangi.

Marekani kuna wastaafu walioliona hili zamani. Wanaifunga nyumba au kuiuza kabisa, wananunua gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani, kisha wanazunguka jimbo hadi jimbo wakifuata mashindano ya poka. Kasino nyingi za huko zina viwanja vya kuegesha magari ya namna hiyo, kwa hiyo mzee na mkewe wanalala hatua chache kutoka mezani. Mashindano makubwa kuliko yote, World Series of Poker, yalianza Las Vegas mwaka 1970, na yana shindano maalumu la waliotimiza miaka 50 na kuendelea, linalovuta watu kwa maelfu. Doyle Brunson, aliyekuwa bingwa mwaka 1976 na tena 1977, aliendelea kukaa mezani na vijana akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Ninachokipenda kwa wazee hao ni kwamba hakuna aliyewaambia wameshapitwa, au kama aliwaambia hawakumsikiliza. Wana jambo la kulijadili njiani. Wana tarehe za mbele kwenye kalenda, na mtu wa miaka 70 mwenye tarehe ya mbele anayoingojea kwa hamu huamka tofauti na asiyekuwa nayo. Hilo tulichukue lote. Gari na fedha ndivyo ninavyovitilia shaka.

Magari ya kulala ndani huonekana hata huku kwetu. Barabara ya Morogoro kwenda Mikumi utakutana na malori ya watalii na Land Cruiser zenye mahema juu ya paa. Ni maisha mazuri kwa anayeyamudu. Kwa mstaafu wa Bigwa au Kilakala hapa Morogoro ni mzigo wa matairi, mafuta na fundi, wakati anayo nyumba ya shemeji Dodoma, ya binti yake Tabata na ya rafiki wa jeshini Iringa, na wote hao watanuna wakisikia alipita mjini kwao akalala kwenye gari. Gari la kumbeba mzee anayefuata bao ni basi, treni, na watu wake.

Fedha ni jambo zito zaidi. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker alilipa dola 86 kwenye shindano la mchujo la intaneti, akapata nafasi ya kuingia shindano kuu la Las Vegas, akawashinda wengine 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Habari hiyo ilizunguka dunia na kuwapeleka watu wengi kwenye poka. Wale 838 hawana hadithi inayosimuliwa. Kwa sheria yetu poka ya kasino ni mchezo wa kubahatisha, na kasino zenyewe ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Poka inahitaji akili nyingi, nakubali, lakini mezani panawekwa fedha, na fedha ya mstaafu haina mwezi ujao wa kuifidia.

Tuitazame fedha hiyo. Mifuko ya pensheni ya umma iliunganishwa mwaka 2018 ikawa PSSSF, na tangu hapo neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, limekuwa likitamkwa kwa uchungu kwenye kila mkutano wa wafanyakazi. Julai 2022 malipo ya mkupuo yaliwekwa kuwa asilimia 33. Bajeti ya mwaka 2024/25 iliyapandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakilipwa asilimia 50 kabla ya mabadiliko, na asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata 25. Sehemu iliyobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo mstaafu hupokea fedha nyingi kwa siku moja, mara moja tu maishani, na kila mtu anajua amezipokea. Wanakuja wenye miradi, wanakuja wenye Noah za kuuza, na siku hizi simu yake mwenyewe inamkaribisha kubeti.

Mcheza bao anaijua hali hii kuliko anavyodhani, kwa sababu ubao wake una nyumba. Ngoja niueleze mchezo kidogo kwa wasioucheza. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, safu mbili kwa kila mchezaji, na kete 64, mara nyingi mbegu za komwe kwa kuwa ni ngumu, laini mkononi na hazichakai. Kila mmoja ana kete 32. Anaanza na kete kumi tu ubaoni: sita ndani ya nyumba, lile shimo kubwa la safu ya mbele, na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya kuume kwake. Zile 22 zilizobaki zinakaa akiba, naye huziingiza moja moja, zamu kwa zamu. Hicho ndicho kipindi cha namua. Kete zikiisha mkononi, mchezo unaingia kwenye mtaji, na hapo kila kitu kinategemea kilichopo ubaoni.

Katika namua, anayekula husambaza kete alizokula, na kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yake, ana hiari. Anaweza kulala hapo, nyumba ikazidi kunenepa. Au anaweza kuisafirisha: anazoa kete zote zilizomo na kuzipanda shimo kwa shimo, zikikimbia mpaka upande wa nyuma na kurudi mbele, zikila njiani. Ikishasafiri mara moja, nyumba hupoteza hadhi yake, inakuwa shimo kama mashimo mengine. Ukiisafirisha mapema, umetawanya nguvu zako wakati mwenzio bado ana akiba. Ukichelewa, ataila yote kwa mkono mmoja. Fundi wa bao hutumia nusu ya mchezo akiisubiri zamu hiyo, akihesabu, na haisafirishi kwa sababu watazamaji wanapiga kelele. Mkupuo wa mstaafu ni nyumba ya namna hiyo, na kwa maoni yangu safari za bao zisiuguse kabisa. Zilipiwe na pensheni ya mwezi, kiasi kidogo kinachowekwa kando kama mtu anavyoweka ada ya mjukuu.

Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais Novemba 1985 alikwenda kuishi Butiama, akilima, na bao alikuwa akilicheza. Ubao huo haukumjali mtu kwa cheo, na hii ni moja ya sababu zinazonifanya niamini kuwa ni mchezo unaomfaa mtu aliyetoka kwenye madaraka. Mstaafu aliyezoea kuitwa bosi anahitaji mahali ambapo kijana wa bodaboda atamwamkia shikamoo mzee, atasubiri marahaba, kisha atamla mpaka safu ya mbele ibaki tupu. Akifungwa kabla kete za akiba hazijaisha, yaani mkononi, atazomewa na kijiwe kizima. Atarudi kesho.

Tena mchezo wenyewe ni mzito. Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar kwa ajili ya tasnifu yake iliyotoka Leiden mwaka 1995, na mojawapo ya mambo aliyoyajaribu ni kuwachezesha mabingwa hao bila kuliona bao. Fikiria hesabu yake: kete moja inapoingizwa, mashimo kumi yanaweza kubadilika kabla zamu haijakwisha, na mpinzani anapojibu yanabadilika tena. Bingwa huyabeba yote hayo kichwani. Watu wenye uwezo huo wako kwenye vibaraza vya Unguja, vya Tanga, vya Dar es Salaam. Kukaa mbele ya mmoja wao kwa saa moja ni sababu tosha ya kukata tiketi.

Basi kwa nini namzungumzia mstaafu wa Morogoro? Kwa sababu mji huu uko katikati ya njia zote. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam iliufikia mwaka 1907. Mabasi ya Dodoma, Iringa, Mbeya na Songea yanapita Msamvu. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inaunganisha Dar es Salaam na Morogoro, na baadaye mwaka huohuo ikafika Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilianza kwa shilingi 13,000, na safari ni chini ya saa mbili. Mzee wa Morogoro anaweza kupanda asubuhi, akala mchana kwa binti yake, akacheza Ilala au Magomeni jioni, na keshokutwa akarudi, nauli ya kwenda na kurudi, kwa bei hiyo ya mwanzo, ikiwa shilingi 26,000. Miaka kumi iliyopita safari hiyohiyo ilikuwa ya kukaa kwenye foleni ya Kibaha huku mgongo ukilalamika. Treni imewafaa wazee kuliko vijana, na wazee wenyewe hawajaanza kuitumia kama inavyostahili.

Wenye kutaka mashindano rasmi waanze kwa afisa michezo wa manispaa, maana ratiba za mchezo huu hazitangazwi sana kwenye magazeti, na waulizie pia kwa SHIMBATA, shirikisho la bao la taifa. Wa drafti watapata wapinzani kwa urahisi zaidi, kwa kuwa ubao wa drafti na vizibo vya soda viko kila kituo cha bodaboda.

Ila mimi ningependa mstaafu aanze na mlima. Anayekaa Morogoro mjini anaiona Uluguru kila asubuhi, kilele cha Kimhandu kikiwa mita 2,630 huko nyuma ya mawingu, na anaweza kumaliza miaka thelathini ya kazi bila kufika mbali kuliko Morningside, nyumba ya Wajerumani ya mwaka 1911. Huko juu kuna vijiji vyenye barabara mbaya na watu wenye subira. Njia ya Mkuyuni inakupeleka Kinole na Matombo, kwenye migomba, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Upande wa magharibi, njia ya kupitia Mzumbe inakupandisha Mgeta, kwenye baridi na kabichi, na wakulima wanaoteremsha mboga mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu. Uende miezi ya kiangazi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, utelezi wa barabara hizo si wa mtu mwenye goti bovu nyuma ya pikipiki.

Mgeni anayeingia kijiweni kwa watu ana adabu zake. Asikae mbele ya ubao kabla ya kusalimia waliokaa, wakubwa kwanza. Atazame angalau michezo miwili. Atawaona mafundi ni akina nani, na wao watamwona kuwa si mtu wa fujo. Kwa Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo asishangae akiulizwa habari za kwao upande wa mama kabla ya kuulizwa alikuwa nani ofisini. Cheo chake hakitamsaidia hapo, na ni vizuri asikitaje. Kabla kete ya kwanza haijaingizwa, aulize sheria za mahali. Vijiwe vinatofautiana, hasa kuhusu kutakasia, ile kanuni inayomzuia mtu kucheza shimo lake fulani lililotiwa kitanzi na mpinzani, na ugomvi mwingi wa bao huanzia hapo. Sheria ya mwenyeji ndiyo itakayofuatwa. Anayefungwa anaweza kununua soda. Akiambiwa waweke fedha, akatae kwa upole na aendelee kucheza bure, na kama hawataki kucheza bure, ashukuru na kuondoka. Naweka msisitizo hapa kwa sababu nimeona jinsi shilingi elfu mbili za masihara zinavyogeuka desturi, na mchezo ukishakuwa wa fedha mzee hafikirii tena bao.

Dawa za presha zipakiwe kwenye begi la mkononi, pamoja na kadi ya bima. Safari za usiku aziache. Ubao si lazima aubebe. Kete za kwake akipenda azibebe.

Limebaki jambo linalonisumbua kuliko yote, nalo ni wanawake. Kwenye SHIMIWI mtumishi wa kike hucheza bao na karata, anasafiri na timu, anashinda vikombe. Yumo katibu muhtasi ambaye kwa miaka ishirini amekuwa tegemeo la wizara yake kwenye ubao. Mwanamume akistaafu anapoteza mashindano lakini kijiwe kipo. Mwanamke akistaafu anapoteza vyote viwili, kwa sababu kijiwe cha bao mtaani ni cha wanaume, na mama wa miaka 60 akienda kukaa pale majirani watahesabu siku. Anarudi nyumbani kulea wajukuu akiwa na ufundi ambao hautaonekana tena na mtu yeyote. Hakuna anayemfukuza waziwazi. Halikuwekwa tu benchi lake.

Jambo hili linaweza kurekebishwa Morogoro kabla ya mahali pengine popote, kwa kuwa mji umejaa wastaafu wa vyuo, wa viwanda, wa mashamba ya mkonge na wa ofisi za mkoa, na treni inaweza kuwaleta wenzao wa Dar na Dodoma kwa siku moja. Wanachohitaji ni ukumbi wa shule Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mbao sita za bao, chai, na mtu mmoja wa kushika orodha. Kiingilio kitoshe chai na usafi. Asiwepo wa kuchukua dau. Watenganishe wanaoanza na mafundi, wapange saa ya kumaliza inayomwezesha mgeni kuwahi treni ya jioni, na kwenye tangazo waandike kwa herufi kubwa kwamba akina mama wanaalikwa kucheza, na kwamba chai itapikwa na watu wa zamu, wanaume wakiwemo.